Milima Isiyochorwa: Nakshi za Shaba katika Ramani za Karne ya 17

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hujipinda mara nyingi juu ya bonde kabla ya kufika Soni, mji mdogo wa Usambara unaojulikana kwa maporomoko yake ya maji na kwa kuwa jirani na Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi. Milima hiyo haijifichi. Aliye baharini karibu na Tanga, siku ya hewa safi, huona safu yake ya mashariki imesimama upande wa bara kama ukuta wa samawati. Hata hivyo, mtu akiifunua ramani ya Afrika ya Willem Blaeu, iliyochongwa na kupigwa chapa Amsterdam katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, akaweka kidole juu ya Mombasa, akakiteremsha kusini kwa kufuata ufuo hadi kukabili Pemba, kisha akakisukuma kuelekea bara, hatakuta Usambara. Ufuoni majina yamebanana hata hayasomeki kwa urahisi. Ndani mna majina machache yaliyookotwa katika masimulizi ya Wareno, maziwa mawili makubwa yaliyorithiwa kwa Ptolemy wa Alexandria, na wanyama: ndovu, simba, mbuni. Baharini mna majahazi ya Kizungu yaliyotweka matanga yote na madubwana yanayochungulia kutoka mawimbini.

Ramani hiyo ni nzuri mno. Uzuri wake si jambo la pembeni, wala si kosa la kuachwa kando na mwanahistoria mwenye haraka ya kutafuta majina ya miji. Ni kazi ya mikono, yenye ufundi wake, soko lake na sababu zake, na pasipo kuielewa haieleweki kwa nini bara la mwambao huu lilikaa miaka mia mbili likiwa limejazwa mapambo.

Neno nakshi lenyewe lataka maelezo kidogo. Kwa watu wa mwambao, nakshi ni ya mlango, ya kitanda, ya omo la jahazi, ya shingo ya kanzu. Ni pambo linalowekwa juu ya kitu kilichokwisha kuwa na kazi yake. Ulaya, katika zama ziitwazo za Baroki, yaani takriban mwaka 1600 hadi 1750, nakshi ilipata maisha ya pili. Ilichongwa peke yake juu ya bamba la shaba nyekundu, ikapigwa chapa karatasini, ikauzwa dukani kama bidhaa, bila mlango wala kitanda.

Ufundi huo ulizaliwa katika karakana za masonara wa Ujerumani katika karne ya 15, na haukuacha kufanana na asili yake. Bamba hupigwa nyundo hata likawa sawa, kisha husuguliwa likang'aa kama kioo. Mchoro huhamishiwa juu yake kinyumenyume, kwa kuwa chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Mchongaji wa ramani alilazimika kuandika kila jina kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi zenyewe zikiwa zimegeuzwa. Chombo chake ni burini, ufito wa chuma kigumu wenye ncha iliyokatwa mshazari na mpini wa mbao ulioviringana unaokaa katika kiganja. Burini haivutwi kama kalamu. Husukumwa mbele, ikalima mfereji mwembamba na kutoa uzi wa shaba mbele yake. Chini ya bamba huwekwa mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga, na panapotakiwa mstari wa kupinda, mkono wa kulia hubaki mahali pake na wa kushoto hulizungusha bamba chini ya ncha. Kwa hiyo anayetazama mizunguko ya majani ya nakshi ya Baroki, iliyojisokota kama mikunjo ya kaa na kombe, anatazama pia alama za bamba lililozungushwa polepole mara elfu.

Palikuwa na njia ya pili, nyepesi zaidi kwa mkono: bamba hupakwa nta, mchoro hukwaruzwa juu ya nta kwa sindano, kisha tindikali humwagwa ikaila shaba mahali palipofunuliwa. Mfaransa Abraham Bosse aliziandika njia zote mbili mwaka 1645, katika kitabu ambacho mafundi walikisoma kwa vizazi kadhaa. Upigaji chapa wenyewe ulikuwa kazi ya nguvu. Wino mweusi wenye mafuta ya mbegu za kitani hupakwa juu ya bamba zima, hupanguswa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja cha mkono, ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, na vyote hupitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo yanayobana kwa uzito mkubwa. Kila nakala hudai kupaka na kupangusa upya. Baada ya nakala elfu moja au mbili mistari laini huanza kufifia, na bamba hurudishwa kwa mchongaji alitie nguvu.

Aliyekuwa akinunua karatasi za nakshi tupu ni fundi mwenzake. Stefano della Bella wa Florence, aliyefariki mwaka 1664, alichora fremu zenye mafuvu, mbawa na maji yanayotiririka; Jean Lepautre wa Paris, aliyefariki mwaka 1682, aliacha mabamba yanayozidi elfu mbili ya dari, vyungu, vitanda na mapambo ya kuta. Mfua fedha Johannes Lutma wa Amsterdam aliupa umbo mtindo wa nakshi unaofanana na nyama ya sikio, laini, yenye kunyooka na kukunjika bila pembe. Seremala wa mji mdogo asiyepata kufika Paris hata siku moja aliweza kununua karatasi chache na kuchonga kabati lenye sura ya Paris. Wachora ramani nao walinunua. Kichwa cha ramani kilihitaji fremu, wenyewe wakiiita kartushi, na fremu hiyo mara nyingi haikubuniwa kwa ajili ya nchi iliyochorwa. Ilitwaliwa katika karatasi za vielelezo ikabadilishwa kidogo, kama mshairi anayetwaa bahari iliyokwisha pimwa na wengine akatia maneno yake. Tofauti ni kwamba mshairi hutiwa adabu na vina.

Nyumba ya Blaeu ndiyo iliyoufikisha ufundi huu kileleni. Kuanzia mwaka 1637 ilikuwa kando ya mfereji wa Bloemgracht, Amsterdam, na mgeni mmoja aliyeieleza mwaka 1663 alihesabu mitambo tisa ya kupigia chapa maandishi, kila mmoja ukiwa umepewa jina la mmoja wa miungu tisa ya sanaa ya Wayunani, wale wanaosemekana kuwapulizia washairi tungo. Mitambo ya kupigia chapa mabamba ya shaba ilikuwa sita, na hiyo haikutajiwa majina. Huenda ni sadfa tu, lakini yafaa kukumbukwa: maneno yalipewa walezi, picha zikapewa vibarua. Kutoka humo ilitoka, kuanzia mwaka 1662, Atlas Maior ya Joan Blaeu, mwana wa Willem, yenye juzuu kumi na moja katika Kilatini na ramani zipatazo mia sita. Vitabu vilivyouzwa ghali kuliko hicho katika karne hiyo vilikuwa haba.

Na hapa ndipo siri ya ndovu inapoanza kufunuka. Willem Blaeu, tangu mwaka 1633, alikuwa pia mchora ramani wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Ramani alizowapa manahodha wa Kampuni zilichorwa kwa mkono juu ya ngozi, zikarudishwa safari ikiisha, na hazikuwa na madubwana wala mapambo mengi. Zilikuwa na vina vya maji, miamba na pepo. Ramani zilizopigwa chapa zilikuwa za mtu mwingine kabisa. Zilikuwa za hakimu, mfanyabiashara na mtawala aliyeketi nyumbani, ambaye hangeng'oa nanga maishani mwake. Huyo ndiye aliyelipia nakshi, na wengine walilipa zaidi ili zipakwe rangi na dhahabu kwa mkono. Tupu katika ramani ya nahodha ni tahadhari. Katika ramani ya tajiri ni aibu ya muuzaji, na mchongaji ndiye aliyeajiriwa kuisitiri.

Msitiri huyo alikuwa na vifaa vya aina mbili. Kwanza wanyama. Pili watu. Ramani ya Afrika ya Blaeu imezungukwa na fremu: juu mna picha tisa za miji, kushoto na kulia mna picha kumi za watu waliovaa mavazi ya nchi zao. Katika miji hiyo tisa, iliyo mingi ni ya Afrika ya Kaskazini, kama Algiers, Tunis, Alexandria na Cairo. Pwani yote ya mashariki imepewa mji mmoja tu, Msumbiji, ngome ya Wareno. Mombasa haikuchorwa, wala Kilwa, ingawa picha za miji hiyo miwili zilikwisha chapwa Cologne mwaka 1572 katika kitabu kikubwa cha miji cha Braun na Hogenberg. Miongoni mwa wale watu kumi, mwambao umewakilishwa na wale walioandikwa kuwa ni "Makafiri wa Msumbiji". Mwarabu wa Lamu, Mswahili wa Pate aliyevaa hariri na kuandika barua, Msambaa wa mlimani, hao hawana picha. Lakini kuwa na picha pale si heshima inayostahili kuonewa wivu. Anayewekwa katika fremu amehesabiwa pamoja na majani na matunda yanayoizunguka ramani; yeye ni sehemu ya nakshi, na nchi yake ndani ya ramani imebaki bila watu.

Mwaka 1635 nyumba hiyohiyo ilitoa ramani mahsusi ya kusini mwa bara, kwa jina la Kilatini Aethiopia Inferior. Kichwa chake kimeandikwa juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, na kando yake wamechorwa nyani na kobe. Kama kazi ya burini ni ya kupendeza: manyoya na makunjo ya ngozi yametengwa kwa mistari iliyopishana kwa upana wa unywele. Kama maelezo ya nchi, inasema kwamba huko kuna ng'ombe, nyani na kobe.

Kilichoandikwa kuhusu ramani kilifuata mkondo huohuo. Mholanzi Olfert Dapper, tabibu wa Amsterdam, alitoa mwaka 1668 kitabu kinene cha maelezo ya Afrika, kilichojaa mabamba ya shaba yaliyotoka karakana ya mchapaji Jacob van Meurs. Dapper hakukanyaga Afrika. Alisoma, akalinganisha, akaandika, na kwa kweli alifanya hivyo kwa bidii kuliko wengi waliosafiri. Wachongaji wake nao walibuni kutokana na alichokiandika. Miaka miwili baadaye John Ogilby alikitoa kwa Kiingereza. Ogilby huyo alikuwa mshairi na mfasiri wa Virgil na Homer, jambo ambalo wapenzi wa ushairi hawatashangaa nalo sana: watu waliozoea kusafiri kwa maneno huamini upesi kwamba neno lililotafsiriwa ni safari iliyokamilika.

Je, katika miaka hiyohiyo mwambao wenyewe ulikuwa na nakshi gani? Jibu lingali mahali pake. Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, pana jiwe la Kireno lenye kutaja mwaka 1635, mwaka uleule wa ngozi ya ng'ombe ya Blaeu. Limechongwa kwa amri ya nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa kuitengeneza ngome baada ya Sultani Yusuf bin Hassan kuwaasi Wareno mwaka 1631, na linajisifu kwa jinsi nahodha huyo alivyowatiisha watu wa pwani. Hiyo ni nakshi ya mgeni. Wareno walifukuzwa ngomeni mwaka 1698, baada ya kuzingirwa na Waomani tangu mwaka 1696. Miaka miwili kabla ya mazingira hayo kuanza, mwaka 1694, fundi mmoja alimaliza mlango wa Unguja ambao huhesabiwa kuwa wa kale kuliko milango yote ya kisiwa hicho yenye tarehe. Na Pate, mwaka 1728, Bwana Mwengo bin Athumani alitunga kisa cha Herekali, kinachojulikana pia kama Utendi wa Tambuka, kwa hati za Kiarabu na kwa kalamu ya mwanzi.

Baina ya mlango wa mwaka 1694 na bamba la Amsterdam pana mambo mengi yanayofanana: majani yanayojisokota, ua linalorudiwa, woga wa kuacha mahali patupu. Patasi ya Unguja na burini ya Amsterdam zingetambuana. Kinachozitenganisha ni kwamba mlango una mwenyewe. Nakshi yake husema nani amejenga, ana imani gani, ana mali kiasi gani, na atakayeisoma hana budi kuja kusimama mbele yake. Bamba la shaba halina mwenyewe wa namna hiyo. Hutoa nakala elfu, na kila nakala huenda kwa mtu asiyeweza kuuliza. Mchonga mlango akikosea, jirani atamwambia kabla ya magharibi. Mchongaji wa Blaeu alipomweka ndovu mahali pa milima, alikosa jirani wa kumwambia, na ndovu yule alichongwa tena na wachapaji wengine walioinakili ramani hiyo hadi akawa kama ushahidi.

Mmoja aliyecheka alikuwa mshairi. Jonathan Swift, mwaka 1733, aliwatupia wachora ramani wa Afrika beti chache za dhihaka kwa tabia hiyohiyo, na mistari yake imedumu kuliko ramani alizozidhihaki. Wakati huo mtindo ulikuwa umekwisha anza kugeuka. Mabamba mengi ya Blaeu yaliangamia katika moto wa mwaka 1672. Huko Paris, Jean-Baptiste d'Anville alitoa mwaka 1749 ramani ya Afrika iliyofuta karibu kila kisichothibitika, ikaacha sehemu kubwa ya bara nyeupe. Wengi wameisifu kwa uaminifu wake, na ni sifa ya haki. Lakini nyeupe nayo ilikuwa na wateja wake, maana ardhi isiyoandikwa kitu huonekana haraka kuwa ardhi isiyokuwa na mtu.

Katika nyeupe hiyo, takriban nusu ya kwanza ya karne ya 18, Usambara ilikuwa ikipata dola. Mapokeo yanasimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Ungulu, aliyewagawia watu nyama, akawaamua katika magomvi yao, na hatimaye akakabidhiwa utawala Vuga. Mtawala wa Wasambaa aliitwa Simba Mwene. Hapa ramani za kale zinachezewa mchezo wa ajabu na lugha: mchongaji wa Amsterdam alimweka simba barani kwa kuwa hakujua kulikuwa na nani, na baada ya miaka mia moja simba alikuwepo kweli, ila alikuwa na baraza, wajumbe na kodi.

Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa Rabai, alifika kwa Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Mwenzake Jakob Erhardt alikaa Usambara miezi kadhaa mwaka 1853, kisha akaishi Tanga akiwahoji wasafiri wa misafara. Ramani aliyoichora pamoja na Rebmann kutokana na mahojiano hayo ilichapwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, nayo ilikuwa kavu kabisa, haina ndovu wala ngozi ya ng'ombe. Katikati yake palikuwa na ziwa moja refu la kutisha, kwa kuwa maziwa matatu ya masimulizi yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Walioamini kwamba kosa la ramani za Baroki lilikuwa ni mapambo wangepaswa kuitazama hiyo kwa makini. Februari 1857 Burton na Speke walipanda hadi kwa Kimweri, aliyekuwa mzee sana, kisha wakateremka.

Maneno ya milima yenyewe yalipigwa chapa baadaye, na hayakupitia shaba. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa Unguja aliyeishi miaka mingi katika nchi ya Wakilindi, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na kitabu hicho kilianza kuchapwa na misheni ya Kiingereza ya Magila, chini ya milima, katika miaka ya 1890. Huko juu, Walutheri wa Bethel walifungua kituo Vuga mwaka 1895, na katika karne ya 20 palikuwa na kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya dini na vya shule. Herufi za risasi hupangwa moja moja na kuchapwa, kisha hutawanywa tayari kwa kitabu kingine. Fundi wake naye husoma kinyumenyume kama mchongaji wa Amsterdam, ila jirani zake ndio wasomaji wake, na jina likikosewa huambiwa.

Krapf na Burton waliandika "Fuga", na hivyo ndivyo mji wa Kimweri ulivyoingia katika ramani zilizochapwa Ulaya. Katika kurasa za mbele za vitabu vilivyotoka mlimani, pale chini panapotajwa mchapaji, huandikwa kwa V: Vuga Press, Soni.